Nani Alisema Barafu si Theluji?

Mimi si mwandishi mashuhuri, wala sikutarajia hata siku moja kuandika katika jarida hili. Nimezoea kulisoma tu, tena la kuazima. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu muhula wa kwanza kama mwiba wa ngege, na nimeona heri niliteme hapa mbele ya walimu wangu na wanafunzi wenzangu. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami nasema hata maneno tunayoyasema ovyo ovyo kila siku yaliundwa mahali, yakasafiri, yakachoka njiani, mengine yakabadilisha hata nguo.

Mkasa wenyewe ulikuwa hivi. Tulipewa zoezi la kujaza mapengo. Sentensi ya saba ilisema kwamba kilele cha mlima Kilimanjaro kimefunikwa na nini sijui mwaka mzima. Mimi bila kusita nikaandika "barafu". Karatasi ziliporudishwa nikakuta alama ya kosa, nyekundu, ndefu kama miguu ya korongo. Jibu lilikuwa "theluji". Nikainua mkono nikauliza, "Mwalimu, kwani barafu si ndiyo hiyo hiyo?"

Lo! Darasa zima liliangua kicheko. Kijana mmoja wa viti vya nyuma (simtaji, mwenyewe anajijua) akasema kwa sauti, "Huyu ni wa samaki, bana! Kwake kila kitu ni barafu!" Mwalimu aliwanyamazisha, kisha akaniambia kwa upole, "Barafu ni ya friji, theluji ni ya mlima. Keti." Nikaketi.

Pengine utasema, mtoto wa watu, alama moja tu ndiyo inakutoa machozi? Ngoja kwanza nikueleze.

Mama yangu huuza samaki. Kila Jumamosi kabla jogoo hajawika, yeye huabiri matatu kutoka Migori hadi Sori, kwenye ghuba ya Karungu, kununua mbuta. Kwa wale msiotoka upande wa ziwa, mbuta ni yule samaki mkubwa ambaye Watanzania humwita sangara. Hakuwa wa Ziwa Victoria tangu zamani. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, na viwanda vya minofu vilipoanza kuingia miaka ya 1980, akawa samaki wa kupanda ndege kwenda Ulaya. Sasa, omena hana shida. Unamwanika juani na jua linakufanyia kazi bure. Ngege akikulalia unaweza kumbanika. Lakini mbuta mbichi wa kuuza hataki masihara. Joto la kule ziwani nyote mnalijua. Akivuliwa alfajiri asiwekewe barafu, magharibi macho yameingia ndani, mashavu yamebadilika rangi, na mnunuzi akimbonyeza kidole kinazama. Akiwekewa barafu ya kutosha hukaa siku nyingi bila neno. Ndiyo maana kule ufuoni swali la kwanza si "Samaki wapo?" Swali ni "Barafu ipo?" Mama akitoka nyumbani huuliza hivyo kwa simu, na kwetu swali hilo maana yake ni: je, leo kuna kazi? Je, jioni tutakula?

Jumamosi moja mwezi wa Februari lori la barafu halikufika. Lilivunjika ekseli njiani. Mama alikuwa amekwisha kulipia mbuta wa kilo 60. Alikaa nao pale chini ya mti, amewafunika magunia ya kulowesha maji, anaangalia barabara. Hadi saa kumi jioni, wapi! Akawauza kwa bei ya kutupa kwa akina mama wa kukaanga, na pesa aliyorudi nayo nyumbani haikujaza hata kiganja. Jumatatu paredi ikasomwa orodha ya wenye deni la karo. Nikachukua mkoba wangu nikarudi nyumbani kimya kimya. Nilirudi shuleni Alhamisi baada ya mjomba wangu wa Homa Bay kututumia pesa kwa simu. Na ni Alhamisi hiyo hiyo zoezi letu la wiki iliyotangulia liliporudishwa.

Kwa hivyo umeona? Mtu ametoka kufukuzwa shule kwa sababu ya barafu, ndipo anaambiwa mbele ya watu kwamba hajui barafu ni nini.

Mwalimu wangu ninamheshimu, na nasema haya akijua. Baada ya kipindi nilimfuata hadi chumba cha walimu nikamweleza kwamba bado sijaridhika. Hakukasirika. Alinitazama, akasema, "Kama unaamini una haki, nenda ukaitafute. Ukiipata, iandike, chama cha Kiswahili kitaichapisha." Basi nikaingia maktaba.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka mwaka 1981, ina maneno yote mawili, kila moja mahali pake. Hapo sikupata nguvu sana. Nguvu nilizipata nilipoanza kufuatilia asili.

Neno barafu mizizi yake ni Kiajemi, lugha ya nchi ambayo leo tunaiita Iran. Tusishangae, maana bandari, dirisha, rangi na serikali nayo yalitoka huko huko. Sasa Iran si jangwa tupu kama wengi wetu tunavyodhani. Kuna mlima unaitwa Damavand, hauko mbali na jiji la Tehran, unaopita mita 5,600, na kila msimu wa baridi huwa mweupe. Waajemi huita weupe huo "barf". Narudia, ndugu msomaji: "barf" kwa Kiajemi maana yake ni theluji, ile laini inayoanguka kutoka mawinguni. Ile ngumu ya kwenye friji wao wana neno jingine kabisa, huiita "yakh". Wala si jambo la juzi. Katika Avesta, yaani vitabu vitakatifu vya kale vya dini ya Zoroaster, theluji inaitwa "vafra". Miaka ikaenda, ikawa "wafr", halafu herufi za mwisho zikabadilishana viti kama wanafunzi mwalimu akitoka nje, W nayo ikageuka B, ikawa "barf". Kwa hivyo wewe uliyenicheka, ujue barafu ilikuwa theluji kabla hata Kiswahili hakijazaliwa. Ni neno kongwe la theluji. Sisi ndio tuliolipokea likiwa limeshabadilika.

Lilibadilikia wapi? Kwa maoni yangu hapa ndipo penye utamu. Lilibadilikia Bara Hindi. Kiajemi kilikuwa lugha ya makasri ya wafalme wa Kimughali, na hao wafalme walipenda vinywaji vya baridi kupita kiasi. Kuna kitabu kiitwacho Ain-i-Akbari, kilichoandikwa mwishoni mwa karne ya 16 na Abul Fazl, msaidizi wa mfalme Akbar. Ndani yake imeelezwa jinsi theluji na barafu zilivyokuwa zikiletwa mjini Lahore kutoka milimani, nyingine kwa mashua, nyingine kwa magari ya kukokotwa, nyingine kwa vichwa vya wapagazi. Hebu mfikirie huyo mpagazi! Anakimbia na mzigo unaomtiririkia mgongoni, akijua kila dakika anayopumzika mshahara wake unageuka maji. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu mle maktabani mpaka msimamizi akaniangalia vibaya. Kumbe lori la Sori lina babu yake!

Basi watu wa nyanda za chini za India, ambako theluji haianguki, wao waliipata "baraf" ikiwa tayari imeshindiliwa na kugandamana, kipande kigumu ndani ya kitambaa. Mwaka 1833 ikawa vituko zaidi. Meli moja iitwayo Tuscany iliondoka Boston, Marekani, mwezi wa Mei ikiwa imebeba tani 180 hivi za barafu iliyokatwa kwenye maziwa ya huko wakati wa baridi. Ilifika Kalkuta mwezi wa Septemba, na baada ya miezi minne baharini, tena kwa kuvuka ikweta mara mbili, zilikuwa zimebaki kama tani 100. Na hiyo nayo watu wakaiita "baraf", wangeiitaje tena? Wahindi mpaka leo hutumia neno hilo moja kwa theluji na kwa barafu.

Wafanyabiashara wa Kihindi wamekuwa wakija Unguja na Mombasa kwa majahazi tangu enzi na enzi. Baadaye reli ilipojengwa kati ya 1896 na 1901 kutoka Mombasa hadi ziwani Kisumu, waliletwa wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India, na nyuma yao yakafuata maduka mpaka huku kwetu Nyanza. Neno barafu likaingia katika Kiswahili likiwa, ukiniruhusu kusema, limekwisha kugandishwa. Theluji ilibaki nyuma milimani, ugumu ndio ukasafiri.

Likizo ya Aprili nilikwenda kwa mjomba huko Homa Bay, na nikapata nafasi ya kumwuliza mzee mmoja Mhindi ambaye huuza vipuri vya injini za mashua. Nilimsalimu, nikamwuliza, "Mzee, kwa lugha ya kwenu baraf ni ipi, ya mlimani au ya friji?" Alishangaa kidogo, akafikiri naye anataka kuuziwa samaki. Nilipomweleza alicheka sana. "Binti, yote! Yote ni baraf." Kisha akaingia ndani akatoka na kisahani cha vitamutamu vyeupe vya maziwa na sukari, vimekatwa miraba. Vinaitwa "barfi". Vilipewa jina hilo kwa sababu ya weupe wake, kama theluji. Alinipa viwili. Kimoja nilikila hapo hapo, cha pili nilimfichia mama, ingawa lazima nikiri kwamba kilifika Migori kikiwa nusu.

Tusije tukaionea theluji lakini. Nayo ina ukoo wake wa heshima. Imetoka kwa Waarabu, "thalj", na wingi wake "thuluj". Ilitufikia hasa kwa njia ya vitabu na dini. Wakristo wanaijua kutoka kitabu cha Isaya 1:18, ambapo dhambi nyekundu zinaahidiwa weupe wake. Waislamu nao wana dua ambayo mja humwomba Mola amsafishe makosa yake kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Ni neno la kusomwa na kuombwa, sio la kushikwa mkononi. Lakini sikilizeni kituko. Waarabu wenyewe, katika nchi za joto, kile kipande unachotia kwenye glasi ya soda hukiita "thalj" vile vile. Na friji wanaiita "thallaja"! Yaani Mwarabu akienda dukani kununua friji, kwa asili ya neno ni kama ananunua mashine ya theluji. Hakuna mtu wa viti vya nyuma anayemcheka. Kwa hivyo lile tulilofundishwa, kwamba barafu ni ya friji na theluji ni ya mlima, ukivuka bahari linapinduka kichwa chini miguu juu.

Sasa turudi mlimani, maana ndiko nilikopotezea alama yangu. Tarehe 11 Mei 1848 mmishonari Mjerumani aliyeitwa Johannes Rebmann, akitembea kwa miguu kutoka pwani, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Alimwuliza kiongozi wake wa njia ule weupe ni nini. Yule bwana hakusema theluji. Hakusema barafu pia. Alimjibu kwamba ni baridi. Basi! Rebmann, ambaye kwao theluji humwangukia mtu mlangoni, akaelewa mara moja. Kwangu mimi yule kiongozi ndiye shujaa wa habari hii. Hakuwa na neno la kitabuni, akatumia alilokuwa nalo, na likafika. Wachagga wenyewe waliokaa chini ya mlima walijua zaidi yake, na wamishonari walisimuliwa habari za watu waliopanda wakidhani kule juu kuna fedha, wakarudi wameharibika vidole kwa baridi.

Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba 1849, mwenzake Rebmann aitwaye Ludwig Krapf akauona Mlima Kenya kutoka upande wa Kitui, nao una weupe. Habari zilipofika Uingereza, msomi mmoja wa jiografia huko London, Desborough Cooley, alikataa katakata. Theluji kwenye ikweta? Haiwezekani! Bwana huyo hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Alikuwa na maneno yote ya theluji, ila hakuwa na mlima. Sisi tunaojaza mapengo nadhani tunaweza kujifunza kitu kwake, lakini sitasema ni nini, mwalimu asije akanikata alama nyingine.

Isitoshe, hebu tuulizane: kwani juu ya Kibo kuna nini hasa? Theluji huanguka, ndiyo. Lakini ikilala miaka mingi, ya juu inaikandamiza ya chini, hewa inatoka, inakuwa jiwe. Ile mikubwa myeupe tunayoiona kwenye picha, yenye kuta kama nyumba, ni barafu, tena barafu halisi. Hata watalii wanaopanda hulala kwenye kambi iliyoko zaidi ya mita 4,600 kabla ya kwenda kileleni usiku, na jina la kambi hiyo ni Barafu. Kama barafu ni ya friji tu, basi aliyeipa kambi hiyo jina naye apewe sifuri. Na kusema kweli, neno ambalo mimi ningelipigia mstari mwekundu katika ile sentensi ni "kimefunikwa". Tangu 1912 hadi 2011 asilimia 85 hivi ya barafu ya Kilimanjaro ilikuwa imekwisha. UNESCO ilitangaza mwaka 2022 kwamba ifikapo 2050 barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya huenda isiwepo kabisa. Wadogo zetu watajaza pengo hilo na neno gani? Mlima Kenya ndio uliotupa jina la nchi, jamani.

Nikuchekeshe kidogo. Nyanya yangu, Dani kama tunavyomwita, anakaa nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Ile mvua ya mawe kwa Kijaluo inaitwa "pee". Dani akiona hata kipande cha barafu cha mjomba husema ni pee. Sasa mimi nilipokuwa darasa la sita na kufundishwa kwamba kitu kikiwa cheupe sana husemwa "cheupe pe", nilirukaruka kwa furaha. Nikawaambia watoto wote kwamba Waswahili waliliiba neno la Dani! Cheupe pe, cheupe kama mawe ya mvua, si inaingia barabara? Kumbe ni kugongana tu kwa sauti. Hiyo "pe" ya Kiswahili ni neno la kutilia mkazo, kama vile "jeusi tititi" au "jekundu ndu". Nilifadhaika siku nzima. Tangu siku hiyo nikiona maneno mawili yamefanana sura siyaungi undugu mpaka nione kitambulisho.

Lakini Dani alinifunza jambo jingine. Watu huita kitu cha mbali kwa jina la kitu cha karibu. Wagikuyu, kwa mfano, wana ile ardhi nyeupe kama chokaa iliyotumiwa katika sherehe, huiita "ira", na theluji ya mlimani nayo ni "ira". Na mnakumbuka kusikia habari za Busara, karibu na Nyahururu, mwezi wa Septemba 2008? Kilima kizima kiliamka cheupe. Watu wakatoka na mifuko kuizoa, wakasema ni theluji imekuja Kenya. Wataalamu wa hali ya hewa wakasema hapana, ni mvua ya mawe iliyoanguka nyingi ikashikamana. Wenzetu wanaotoka Kisii na wale wenye jamaa Kericho, ambako mawe hayo huchana majani chai hadi mtu akalia, wanaijua vizuri. Theluji, barafu, mawe, baridi, pee. Hakuna aliyekuwa mjinga hapo. Kila mmoja alishika alichokuwa nacho.

Nisieleweke vibaya. Sisemi sasa tuyachanganye maneno kama githeri. Kiswahili cha leo kimeyagawia kazi, theluji ni ile laini inayoanguka na barafu ni ile ngumu, na mgawanyo huo unafaa. Nikiandika insha ya mtu aliyeteremka ndege Chicago mwezi wa Januari, nitaandika theluji na nitaandika kwa raha zangu. Mwalimu alikuwa na haki ya kunifundisha tofauti hiyo, na kwenye KCSE sitaki hasara. Ninachopinga ni kile kicheko. Tena ninapinga tabia yetu ya kudhani kwamba neno tusiloliona maishani ndilo Kiswahili safi, na neno linalonuka samaki ni la watu wasiosoma.

Fungua daftari lolote la insha katika kidato chetu. Utakuta meno "meupe kama theluji", shati "jeupe kama theluji", hata ng'ombe. Nani kati yetu amewahi kuishika? Tumeinakili kutoka insha za kaka zetu, nao waliinakili kwa wengine. Mbona hatuandiki meupe kama tumbo la mbuta? Mbona mikono ya mtu mwenye hofu isiwe baridi kama sanduku la samaki? Mimi nimeingiza mkono ndani ya sanduku lile saa kumi na moja asubuhi. Kidole kinauma kwanza, halafu kinakufa, halafu kinawaka moto. Hilo naweza kuliandika kurasa tatu bila kuazima kwa mtu.

Pendekezo langu kwa chama chetu ni hili. Darasani mwetu tuko Wajaluo, Wasuba, Wakuria, Wakisii na Wasomali. Kila mmoja akienda nyumbani amwulize nyanya yake au babu yake, mvua ya mawe kwenu inaitwaje, na kile kilichoko juu ya mlima mngekiitaje. Tuyaandike yote ukutani pale nyuma ya darasa, pamoja na yale ya Kiajemi na Kiarabu niliyoyataja. Yule kijana wa viti vya nyuma nampendekeza awe mwandishi, ana hati nzuri kuliko mimi.

Kabla sijaweka kalamu chini, nimalizie habari za Homa Bay. Siku hizi kwenye redio mtangazaji akitaka wageni wazoeane husema "tuvunje barafu". Nasikia ni tafsiri ya Kiingereza. Kwa mjomba wangu kuvunja barafu ni kazi ya nyundo. Siku moja kabla ya shule kufunguliwa nilikwenda naye ufuoni alfajiri. Lori lilikuwa limefika, na vipande vikubwa vilikuwa vimelala juu ya turubai vikitoa moshi wa baridi, ndani yake vyeupe, pembeni vya kuonyesha upande wa pili. Nilimhadithia mambo yote haya, ya Waajemi, ya mpagazi wa Lahore, ya meli ya Boston. Alinisikiliza huku akikunja mikono ya shati. Kisha akaokota kipande akanitia kiganjani.

"Hii ndiyo theluji yenu ya shule?"

"Ndiyo, mjomba."

"Haya basi, ivunje upesi. Mashua ile inaingia."